Simba wa Vuga na Wenzake wa Olympus: Nani Alimpita Nani?

Basi la Mombo kwenda Lushoto hupanda mlima kama kijana anayekwenda kujieleza kwa wakwe: linakata kona, linasita, linakata kona nyingine. Kiti cha mbele yangu alikaa bwana mdogo aliyevaa raba za Nike. Wagiriki wa kale walimwabudu Nike kama mungu wa kike wa ushindi, mwenye mabawa. Siku ile alikuwa anaingia Usambara akiwa mguuni mwa mtu, na tope jekundu la Soni lilikuwa limemfika shingoni. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kushindanisha. Wagiriki wana Olympus na vigogo wake 12. Wasambaa wana Vuga, makao ya wafalme wao, na masimulizi yake. Tukiwapima wote kwa mizani moja, nani alimpita nani?

Natangaza mapema kwamba mwamuzi ana upendeleo. Natangaza pia kanuni: Mlungu, kama Wasambaa wanavyomwita Mungu, hashindanishwi. Huyo hana visa vya kugombana na mkewe wala kunyemelea mke wa mtu. Wanaoingia uwanjani ni wa ngazi ya chini yake, wahenga na wafalme, maana hao ndio waliofanya Usambara kazi ambayo kule Ugiriki ilifanywa na miungu: kuleta mvua, kuua wanyama wa kutisha, na kueleza kwa nini fulani anatawala na fulani analima.

Mlima mrefu zaidi

Raundi hii tumepigwa. Olympus una mita 2,917, na vilele vya Usambara havifiki 2,400. Ningeweza kuwaita majirani, Meru na mita zake 4,562 na Kilimanjaro na 5,895, lakini huko kutakuwa ni kuazima wachezaji.

Ila miungu ya Olympus ilikaa kileleni kwa kuwa hapakaliki na watu. Vuga palikalika. Kwa Msambaa, mlimani ni nyumbani, ndiko Shambaai, kwenye ubaridi, migomba na maji. Tambarare ya chini, kule Mkomazi na Mazinde, ni nyika, na mtu wa nyika ni mtu wa aina nyingine. Simama Irente wakati ukungu unapoondoka uitazame nyika kule bondeni, utaelewa kwa nini watu wa hapa hawakuhitaji kubuni mbingu ya pili juu ya vichwa vyao.

Mkimbizi aliyepanda cheo kuliko wakimbizi wote

Hapa ndipo penye nyama, kwa maana zote mbili, kwa hiyo nitakaa.

Masimulizi yanasema Mbegha alizaliwa Nguu, na alipoota meno, ya juu yalitangulia. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na kigego alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo mzima. Vigego wengi hawakuachwa wakue. Mbegha akakua. Wazazi walipokufa, ndugu wakamnyima urithi wake, akabaki na mbwa, mikuki na ujuzi wa kuwinda nguruwe mwitu. Akaenda Kilindi, akapendwa, akawa rafiki mkubwa wa mtoto wa mtawala wa pale. Siku moja yule kijana akafuatana naye kuwinda, nguruwe wakamuua. Mbegha hakungoja kuulizwa. Alikimbia na wenzake wachache wakaingia porini, na mwisho wa pori lile ni milima ya Usambara.

Msomaji wa visa vya Kigiriki hapa atainua kichwa. Mtoto mwenye mkosi aliyetakiwa afe akiwa mchanga, huyo ni Edipo, yule ambaye Samuel Mushi alituletea kwa Kiswahili mwaka 1971 katika tamthilia ya Sofokile, Mfalme Edipode. Mtoto aliyefichwa asimezwe, huyo ni Zeus mwenyewe, ambaye mama yake alimficha Krete baba asimtie tumboni kama alivyowatia ndugu zake. Lakini anayefanana na Mbegha hata kutisha hayumo kwenye orodha ya miungu. Yumo katika kitabu cha kwanza cha Herodotus: Adrastus, mtoro mwenye damu mikononi, aliyepokelewa kwa wema na Croesus, mfalme wa Lydia. Croesus akamkabidhi mwanawe Atys wakawinde nguruwe mwitu aliyekuwa akiharibu mashamba. Mkuki wa Adrastus ukamkosa nguruwe, ukampata mtoto wa mfalme.

Ni kisa kile kile: mgeni, mwenyeji mwema, mtoto wa mkubwa, nguruwe. Mgiriki akakimaliza kwa Adrastus kujiua juu ya kaburi la kijana. Msambaa akakimaliza kwa Mbegha kuwa mfalme. Kwa Wagiriki mkosi ukishakuandama, hata ukiukimbia utakukuta mbele umekaa unakusubiri. Usambara mkosi una mipaka ya kijiografia: ukivuka mto ukapanda mlima, ukafika mahali ambapo watu wana shida na wewe una dawa yake, mkosi ule ule unaweza kugeuka cheo. Mimi binafsi nauona utaratibu wa Usambara kuwa wa busara zaidi, ingawa nakubali kwamba hautoi tamthilia nzuri.

Na Wasambaa walikuwa na shida gani? Nguruwe mwitu wale wale. Mkulima wa migomba na mahindi hana adui mkubwa kuliko nguruwe. Mbegha aliwaua, akagawa nyama, akapokea mazao ya shambani. Nyama upande huu, chakula cha mashambani upande ule. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyefanya utafiti wake milimani humu kuanzia miaka ya 1960, alionyesha kwamba kisa chote kinasimama juu ya ubadilishanaji huo: mtu wa porini, mla nyama, anaingizwa hatua kwa hatua katika maisha ya watu wa moto, sufuria na ndoa. Sehemu kubwa ya siasa ya ufalme wa Wakilindi, uzao wa Mbegha, imo ndani ya sahani hiyo moja.

Kisha akaja simba. Visa vinatofautiana namna, lakini vinakutana kwamba Mbegha alimuua simba usiku, na asubuhi watu wa Vuga walipoona mzoga wakasema huyu ndiye. Tangu hapo mfalme wa Vuga akaitwa Simba Mwene. Herakles naye alianza kazi zake 12 kwa kumuua simba wa Nemea, aliyekuwa na ngozi isiyopenywa na mshale, ikambidi amkabe kwa mikono. Kwa ugumu wa pambano, Herakles kamshinda Mbegha. Kwa matokeo, hata robo hamfikii: aliondoka na ngozi ya kujifunika na kazi nyingine 11 za kutumwa na bwana wake. Mbegha kwa simba mmoja tu alipata ufalme, na uzao wake ukatawala tangu karne ya 18 hadi Tanganyika huru ilipofuta utawala wa machifu.

Nisisahau mwandishi. Habari hizi zilikusanywa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemi, na wamisionari wa UMCA kule Magila wakazichapa kwa sehemu, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, kwa jina la Habari za Wakilindi. Mwaka 1962 J. W. T. Allen akazihariri zikatoka tena. Wagiriki wana Hesiodos, aliyepanga miungu yao kwa ukoo na kizazi. Usambara kazi hiyo ilifanywa na mtu wa pwani aliyeyajua mambo ya Wakilindi kwa kukaa nao karibu, tena kwa nathari laini inayosomeka hadi leo bila kamusi.

Mwenye upinde wa kale zaidi

Kabla ya Mbegha palikuwa na Sheuta, mhenga ambaye Wasambaa hujiita wanawe. "She" ni baba wa, "uta" ni upinde. Ndiyo maana mjini Dar es Salaam ukikutana na Shekilindi, Shemdoe au Shekiondo hubahatishi sana ukimuuliza nyumbani ni Bumbuli au Mlalo. Kwa upinde Wagiriki wana wawili, Apollo na dada yake Artemis, na wa kwao hupiga hata tauni. Nampa Sheuta ushindi kwa hesabu ya wajukuu tu. Artemis hakuzaa.

Mwenye mvua kuliko wote

Zeus kwa Homeros ni mkusanya mawingu. Ana radi, ana umeme, anaweza kuufanya mchana usiku. Ukimweka mbele ya Kimweri ye Nyumbai, Kimweri wa Nyumbani, aliyetawala kutoka Vuga hadi alipofariki 1862 na ambaye amri yake ilifika hadi pwani ya Tanga na Pangani, kwa kelele Zeus anashinda. Lakini hebu tuulize swali la mkulima: mvua ikikosekana, nani anaulizwa?

Zeus haulizwi, anabembelezwa. Mfalme wa Vuga anaulizwa. Kisambaa kina msemo wa kuzifya shi, kuiponya nchi, na mwenzake mchungu, kubana shi, kuiharibu nchi. Feierman alijenga kitabu kizima, Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, juu ya maneno hayo na namna wakulima walivyoyatumia kuwapima watawala wao kwa zaidi ya karne moja. Mfalme mwenye nguvu kupita wote huiponya nchi, kwa kuwa mvua ni yake, nchi ni yake, na mtu haleti njaa kwa makusudi katika shamba lake mwenyewe. Hatari ni wakiwa wawili wanaolingana. Hiyo huitwa nguvu kwa nguvu. Huyu anaita mvua, yule anaifukuza kumkomoa mwenzake, na anayekufa ni mtu wa katikati.

Na yakatokea. Kimweri alipokufa, mwanawe Semboja, aliyeketi Mazinde kule nyikani kwenye njia ya misafara, na aliyekuwa na bunduki, akagombana na mrithi wa Vuga, mtoto wa kaka yake, Shekulwavu. Vita, watu kukamatwa na kuuzwa utumwani, Wabondei kuasi katika kile kinachokumbukwa kama Kiva. Nchi ikaharibika kwa maana kamili ya Kisambaa. Wajerumani walipoingia na mwaka 1895 wakamnyonga Mputa, mfalme wa Vuga, walidhani wameua mtawala. Waliobaki walijua kwamba aliyenyongwa alikuwa pia mwenye mvua.

Kwa hiyo kwenye Olympus nimemtafuta anayefanana na Vuga, na siye Zeus. Ni Demeter. Binti yake Persefone alipochukuliwa na Hades kwa idhini ya Zeus, Demeter hakupigana kwa radi. Alisusa, mbegu zikagoma ardhini, watu wakakaribia kwisha, na miungu yenyewe ikaanza kukosa sadaka. Zeus akasalimu amri. Ile ni nguvu kwa nguvu, sahihi kabisa, na mzee yeyote wa Vuga angeielewa bila kufasiriwa. Natangaza raundi hii sare kati ya Kimweri na Demeter. Zeus wa tatu.

Serikali ya Waingereza nayo iliingia mashindano haya bila kujua. Miaka ya 1950 iliwalazimisha watu wa Usambara kulima matuta kuzuia mmomonyoko, kwa sheria na faini. Ilidhani inaiponya nchi. Wakulima waliona kinyume chake, wakagoma, na TANU ikapata wanachama.

Ombi kubwa kuliko yote

Wazungu kadhaa walifika kwa Kimweri akiwa hai. Johann Ludwig Krapf alikwenda 1848 na tena 1852 akitaka ruhusa ya kuhubiri. Februari 1857 wakaja Richard Burton na John Speke, wakamkuta mzee, mgonjwa. Kimweri alikuwa amesikia kwamba wageni hawa ni waganga, wasomaji wa nyota na mawe. Kwa mujibu wa Burton, akawataka wamtengenezee dawa ya kumrudishia afya, nguvu na ujana. Tena jioni ile ile.

Burton aliliandika kwa kicheko chake cha kawaida. Mimi sicheki. Mvua ya nchi inakaa ndani ya mwili wa mtu mmoja, na mwili huo unazeeka. Mfalme aliyeomba ujana hakuwa anaombea nafsi yake peke yake. Miaka mitano baadaye alikufa, na tumeona kilichofuata.

Wagiriki walikuwa na onyo kuhusu ombi hili. Eos, alfajiri, alimpenda binadamu aitwaye Tithonos, akamwombea kwa Zeus asife kamwe. Akasahau kumwombea asizeeke. Tithonos akachakaa, akasinyaa, akabaki sauti tu chumbani, na wengine husema akageuka nyenje. Kimweri, ukilinganisha, alitaja ujana waziwazi kwenye ombi lake. Kwa umakini wa kuandika maombi, ushindi ni wake. Na kuna undugu kidogo hapa: mtoto wa Eos na Tithonos, Memnon, Wagiriki walimhesabu kuwa mfalme wa Waethiopia, jina walilowapa watu weusi wa mbali. Katika Iliadi, Zeus na wenzake huondoka siku 12 kwenda karamuni kwa Waethiopia hao hao. Miungu ya Olympus ikitaka kula vizuri ilijua pa kwenda.

Wake wengi zaidi

Burton alimpa Kimweri wake 300. Namba nzima nzima namna hiyo zinanitia shaka, ila kwamba walikuwa wengi hakuna ubishi. Zeus hakuoa wengi hivyo, alinyemelea: fahali hapa, bata maji pale, mvua ya dhahabu kwingine. Ukiacha aibu, kazi ilikuwa moja. Miji mingi ya Kigiriki ilitaka mwanzilishi wake awe mtoto wa Zeus, na kila eneo la Usambara lilipata chifu aliyekuwa mtoto wa Vuga. Mtoto huyo aliwekwa mara nyingi kwenye nchi ya wajomba zake, watu wa mama yake, ili wampende na wamchunge kwa wakati mmoja. Zeus angejifunza kitu. Ninachosikitikia ni kwamba masimulizi ya pande zote mbili yana haraka mno kwa akina mama, yanawataja pale tu wanapojifungua.

Kaburi lenye kesi kubwa kuliko yote

Watu wa Krete walisema kaburi la Zeus liko kwao. Wagiriki wengine wakakasirika, wakawaita waongo, maana mungu asiyekufa anazikwaje? Usambara kesi inageuka kichwa chini. Mhenga asiye na kaburi atatambikiwa wapi? Wafalme walizikwa Vuga, na makaburini ndiko walikopelekewa maneno ya walio hai. Kilichofichwa ni kifo chenyewe: inasimuliwa kwamba Mbegha alipofariki, wazee wachache walinyamaza na siri hadi mwanawe Bughe alipofika kutoka Bumbuli kushika nafasi. Watu wakaamka wakamkuta simba yupo.

Jina lililosafiri zaidi

Nike anashinda, sina la kubisha, yuko kila mguu. Sayari nazo zimebeba miungu ya Roma, binamu wa ile ya Kigiriki, ingawa kwa Kiswahili haikupata nafasi: sisi tuna Zuhura na Mshtarii. Kimweri ana barabara Msasani, na watu huitaja kila siku wakielekeza bajaji. Lushoto yenyewe iliwahi kuitwa Wilhelmsthal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wa Ujerumani. Jina hilo lilikufa bila matanga.

Kilichotoka Usambara kikasafiri kuliko wafalme wake wote ni ua dogo la zambarau. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka mbegu zake kwao. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Sehemu ya pili ni Kigiriki, ua lifananalo na ion, urujuani. Sasa limo kwenye vyungu vya madirishani mabara yote, Athens bila shaka ikiwemo, na huku kwetu lingali linajibanza kwenye miamba yenye kivuli na unyevu.

Simba mdogo kuliko wote

Nimeliweka hili mwisho kwa sababu nalipenda. Wagiriki walimwita kinyonga khamaileon: khamai, chini, na leon, simba. Simba wa ardhini. Kwa nini wakampa mnyama mpole namna ile jina hilo, kila mtu ana dhana yake. Lakini Usambara ni moja ya sehemu zenye vinyonga wa ajabu kuliko zote: yuko mwenye pembe tatu, Trioceros deremensis, jina lililotokana na Derema ya Usambara Mashariki, yuko mfupi kama kidole, wa jamii ya Rhampholeon, ambaye bado anabeba simba kwenye mkia wa jina lake. Mwaka 2006 wataalamu walipohitaji jina la jamii mpya ya vinyonga wa milima yetu hawakukimbilia Kigiriki. Waliiita Kinyongia.

Ingia msitu wa Magamba usiku na tochi. Mchana huwezi kumwona, lakini akilala hupauka, na mwanga ukimpiga huwaka kama jani jeupe kwenye kitawi. Mkia umejiviringa, macho yamefumba, na chini kwa mbali taa za Lushoto.